TANGAWIZI YA CHUPA: USIANDIKE KWENYE LEBO KITU AMBACHO HUJAKIPIMA

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo lihifadhi, ulisome ukiwa umetulia na daftari pembeni. Ni la wale mnaotengeneza tangawizi ya kuchachusha nyumbani, mnajaza kwenye chupa, mnabandika lebo na kuuza Instagram, Facebook na kwenye status za WhatsApp. Anayeuza kombucha naye akae hapa hapa, mengi yanamhusu.

Mimi natengeneza tangawizi kwa mafungu madogo, lita 10 hadi 20 kwa mara moja, na pia nawachorea wauzaji wengine lebo. Mtu akinitumia maneno anayotaka yakae kwenye lebo yake, karibu kila mara nakuta haya matatu: "Asilia 100%", "Haina kilevi", "Hudumu miezi 6". Nikimuuliza, "Boss, hii miezi 6 umeipata wapi?", ananiambia ameiona kwenye lebo ya mtu. Na huyo mtu naye aliiona kwa mtu mwingine.

Hapo ndo penye tatizo. Lebo ni ahadi yenye jina lako na namba yako ya simu. Kanuni ninayotaka uondoke nayo leo ni moja: kila neno kwenye lebo liwe na ukurasa wake kwenye daftari la ndoo. Kama hujalipima, hujalijaribu na hujaliandika, lisikae kwenye chupa. Sasa twende hatua kwa hatua.

1. ELEWA KINACHOTOKEA NDANI YA NDOO

Ukichanganya maji, sukari, tangawizi na hamira, hamira inakula sukari. Ikila, inatoa vitu viwili kwa pamoja: gesi (hewa ya ukaa) na kilevi. Vinatoka kwa kiasi kinachokaribiana, karibu nusu kwa nusu kwa uzito. Hamira haijui kwamba wewe unataka gesi tu. Vitu hivi viwili ni mapacha. Ukimwona mmoja, ujue mwenzake yupo.

Watu wengi wanadhani kilevi kinatokana na aina ya kinywaji: bia ina kilevi, tangawizi haina. Sio hivyo. Kinatokana na sukari iliyoliwa. Tangawizi ya kuchachusha inafuata sheria ile ile ya bia. Tofauti ni kwamba wewe unaisimamisha mapema, sukari ikiwa bado nyingi.

Neno "bado" ndilo la kuogopa. Sukari iliyobaki inaendelea kuliwa hata baada ya chupa kufungwa, labda uiweke kwenye baridi kali. Na baridi haiui hamira, inailaza tu. Chupa ikipata joto la Dar la nyuzi 30, hamira inaamka na kazi inaendelea.

2. FUNGU LA LITA 10 NINALOTUMIA

Hili ni fungu dogo ambalo mtu yeyote mwenye jiko moja na ndoo moja analiweza:

- Maji lita 10
- Sukari gramu 900
- Tangawizi mbichi gramu 600, iliyooshwa na kutwangwa au kusagwa
- Juisi ya ndimu mililita 250
- Hamira ya unga robo kijiko cha chai

Chemsha tangawizi na sukari kwenye lita 4 za maji kwa dakika 20. Chuja kwa kitambaa safi kilichochemshwa. Ongeza lita 6 zilizobaki, ziwe zimechemshwa na kupoa. Weka ndimu. Subiri mpaka ndoo iwe vuguvugu, mkono usisikie moto kabisa, ndipo unyunyize hamira. Ukiiweka kwenye maji ya moto utaiua.

Usafi ndio nusu ya kazi. Osha ndoo, mwiko, mrija na chupa kwa sabuni, suuza, kisha suuza tena kwa maji yaliyochemka. Chupa za mitumba zipigwe brashi ndani, afu uziangalie kwenye mwanga moja moja. Chupa yenye ukoga chini inaweza kukuharibia kinywaji hata kama ndoo yako ilikuwa safi.

Kwenye daftari andika namba ya bechi, tarehe, saa ya kuweka hamira, uzito wa kila kitu na joto la siku hiyo. Pima kwa mizani. "Vikombe vinne vya sukari" vya leo sio vikombe vinne vya kesho, na ukibadilisha sukari umebadilisha gesi na kilevi.

3. HESABU NDOGO YA MAPACHA

Usiikimbie hesabu hii, ndiyo inayolinda biashara yako.

Kila gramu 4 za sukari zinazoliwa ndani ya lita moja ya kinywaji kilichofungwa zinaleta kiasi cha gesi kinachoitwa volumu moja, yaani lita moja ya gesi ndani ya lita moja ya kinywaji. Gramu hizo hizo 4 zinaleta kilevi cha karibu asilimia 0.25.

Bia ya kawaida huwa na volumu kama 2.5. Soda za dukani huwa kati ya 3 na 4. Sasa wewe unataka tangawizi yako ichangamke kama soda, volumu 3. Hesabu: 3 mara gramu 4 ni gramu 12 za sukari kwa kila lita. Kilevi kitakachokuja nazo ni karibu asilimia 0.75.

Soma tena hapo. Kama gesi yako yote imetokana na hamira, na chupa inachangamka kama soda, kilevi kiko ndani. Ni kidogo, lakini kipo. Kwa hiyo kinywaji cha hamira chenye gesi nzuri na lebo inayosema "Haina kilevi" havikai kwenye chupa moja.

Sasa angalia upande wa hatari. Fungu letu lina gramu 90 za sukari kwa lita. Sukari yote ikiliwa ndani ya chupa iliyofungwa, ni zaidi ya volumu 20. Chupa za soda na bia hazikutengenezwa kubeba mzigo huo. Itapasuka, na kioo kinaruka. Hata ukiiacha ndoo wazi gesi itoke yote, kilevi kitafika karibu asilimia 5, ambacho ni kiwango cha bia. Yaani ndoo ile ile, mapishi yale yale, ukichelewa siku kadhaa tu una bia ya tangawizi mkononi.

Wakubwa pia limewakuta. Juni 2010 nchini Marekani, maduka ya Whole Foods yaliondoa kombucha kwenye rafu zake baada ya wasiwasi kwamba baadhi ya chupa zilikuwa zimezidi kilevi cha asilimia 0.5, kiwango ambacho sheria ya kule inaanza kukiita kileo. Kombucha isiyochemshwa inaweza kuendelea kuchacha ndani ya chupa ikiwa kwenye gari na kwenye rafu. Kama hilo linawapata wenye viwanda na maabara, sisi wa ndoo moja tuwe makini zaidi.

4. CHAGUA NJIA MOJA KATI YA MBILI

Njia ya kwanza: ya kuchachusha. Unatumia hamira, unapata gesi ya asili na ladha ile ya ukali ambayo wateja wengi wanaipenda. Unakubali kwamba kina kilevi na unaandika hivyo. Kinakaa kwenye baridi muda wote na maisha yake ni mafupi.

Njia ya pili: isiyochachushwa. Huweki hamira kabisa. Unachemsha tangawizi, unachuja, unatia sukari na ndimu ya kutosha, unajaza ikiwa bado ya moto sana kwenye chupa za kioo zilizopashwa moto, unafunga na kuilaza chupa dakika mbili ili moto ufike hadi kwenye kizibo. Nunua karatasi za kupima uchachu (pH) na ulenge chini ya 4. Hii haina gesi. Mwenye mtungi wa gesi ya vinywaji anaweza kukipoza kinywaji na kukitia gesi bila hamira. Asiye na mtungi anaweza kuuza sharubati nzito ya tangawizi, mteja akaichanganya mwenyewe na maji ya soda glasini.

Usije ukaichemsha chupa ya njia ya kwanza iliyokwisha kuwa na gesi eti uue hamira. Joto linapandisha mgandamizo na chupa inaweza kukupasukia usoni.

Mteja mmoja wa Zanzibar aliniandikia siku chache kabla ya Ramadhani. Alitaka chupa 40 za kufuturisha wageni, na kabla ya kuuliza bei aliniuliza, "Dada, ina kilevi?" Nikamjibu, "Ndiyo, hii ya gesi inacho kidogo, kwa sababu imechachushwa kwa hamira. Ninayo isiyochachushwa, haina gesi." Akachukua zote 40 za isiyochachushwa. Nilichofanya ni kusoma daftari langu tu.

Fikiria na wengine wanaokuamini bila kukuuliza. Yupo mama mjamzito. Yupo kaka aliyeacha pombe na anahesabu siku. Kuna watoto kwenye besdei. Hao wote wanasoma lebo yako na kunywa. Asilimia yenyewe inaweza kuonekana ndogo kwako, lakini uamuzi wa kuinywa au kutoinywa ni wao, na hawawezi kuamua kama umewaficha.

5. JINSI YA KUPIMA

Nunua haidromita. Ni kijiti cha kioo kinachoelea, kinauzwa na wanaouza vifaa vya maabara na vya kutengeneza mvinyo. Kwenye maji matupu kinasoma 1.000. Kwenye maji ya sukari kinaelea juu zaidi. Fungu letu la gramu 90 kwa lita linasoma karibu 1.034 kabla ya hamira kuanza kazi.

Kipimo cha kwanza chukua kabla ya kuweka hamira. Cha pili chukua siku ya kuuza. Toa cha pili kwenye cha kwanza, zidisha kwa 131. Mfano: 1.034 kutoa 1.020 ni 0.014. Mara 131 ni 1.8. Hiyo ndiyo asilimia ya kilevi.

Mambo matatu ya kuzingatia:

- Toa gesi kwanza. Mimina sampuli kutoka glasi moja kwenda nyingine mara kumi au zaidi mpaka povu liishe. Mapovu yanainyanyua haidromita na kukudanganya kwamba kilevi ni kidogo.
- Vipimo vyote viwili vichukuliwe kwenye joto moja. Haidromita nyingi zimetengenezwa kusoma sawa kwenye nyuzi 20. Kwenye nyuzi 30 zinasoma chini kidogo. Joto likiwa moja mara zote mbili, kosa linajifuta lenyewe.
- Sampuli usiirudishe kwenye ndoo. Onja au mwaga.

Pia ujue mpaka wa kifaa chako. Haidromita nyingi za bei nafuu zina mistari ya pointi 2, yaani 0.002. Mstari mmoja tu ni zaidi ya asilimia 0.25 ya kilevi. Kwa hiyo inaweza kukuonyesha kwamba uko kwenye 2 au 5, lakini haiwezi kukuthibitishia kwamba uko chini ya 0.5. Uthibitisho wa namna hiyo unatoka maabara. Hapa Tanzania zipo maabara za TBS na ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Pelekeni sampuli, muulize gharama, na risiti ya majibu ikae kwenye faili.

6. CHUPA NA MLINZI WAKE

Tumia chupa zilizotengenezwa kwa ajili ya gesi: za bia, za soda au za plastiki za soda. Chupa za juisi, za mvinyo usio na gesi na za pombe kali hazikutengenezwa kubeba mgandamizo, hata zikiwa na umbo zuri la kupiga picha.

Kwenye kila bechi jaza chupa moja ya plastiki ya soda, usiiuze. Hiyo ndiyo mlinzi. Iweke pamoja na zile za kioo. Kila baada ya saa chache ibonyeze. Ikiwa laini, bado. Ikiwa ngumu kama soda mpya ya dukani, zote ziingie friji hapo hapo. Kwa joto la pwani, mara nyingi ni siku moja hadi mbili. Kwa Njombe au Lushoto, wakati wa baridi, inaweza kuchukua zaidi. Usifuate saa za mtu wa mkoa mwingine, fuata mlinzi wako.

Chupa zikiwa nje ya friji zikae kwenye kreti lililofunikwa, mbali na watoto. Unapozishika zikiwa za joto, vaa glavu na usiinamishe uso juu yake. Kufungua ni mpaka ziwe baridi.

7. MANENO YA LEBO, MOJA BAADA YA JINGINE

Sasa tufike kwenye lebo yenyewe. Chukua daftari, pitia orodha hii:

Jina la bidhaa. Hapa naongelea kinywaji ni nini, jina la biashara ni jambo jingine. "Mama Tee" ni jina la biashara tu, mteja hajui kuna nini ndani. Andika "Kinywaji cha tangawizi kilichochachushwa" au "Kinywaji cha tangawizi kisichochachushwa".

Viambato. Vipangwe kuanzia kizito kuliko vyote. Kwa fungu letu: maji, sukari, tangawizi, juisi ya ndimu, hamira. Wengine wanaanza na tangawizi ili ionekane nyingi. Huo ni uongo, na anayejua kusoma lebo ataugundua.

Ujazo. Pima chupa 10 zilizojazwa, chukua iliyo ndogo. Kama inabeba mililita 320, andika 320, hata kama chupa yenyewe imechorwa 330.

Kilevi. Njia ya kwanza: "Kina kilevi" na asilimia uliyoipima. Njia ya pili: unaweza kusema "Hakijachachushwa, hakina hamira", maana hilo unalijua kwa macho yako. "Haina kilevi" iandike ukiwa na karatasi ya maabara.

Tarehe. "Imetengenezwa" na "Tumia kabla ya". Tarehe ya mwisho unaipata hivi: weka chupa 6 za bechi moja kwenye friji, fungua moja kila baada ya siku 4. Andika ladha, gesi na kipimo cha haidromita. Kama siku ya 12 iko sawa na siku ya 16 imebadilika, basi bidhaa yako ni ya siku 10. Rudia kwa bechi tatu kabla ya kuamini. Ndio, siku 10 inaonekana ndogo ukiilinganisha na "miezi 6" ya jirani. Lakini ya kwako ni ya kweli, na mteja ataonja tofauti.

Namba ya bechi. Hii ndiyo bima yako. Chupa moja ikileta malalamiko, unajua ni bechi ipi, iliuzwa kwa nani, na unawapigia hao tu. Bila namba ya bechi utalazimika kuwaambia wateja wako wote wamwage.

Uhifadhi. "Weka kwenye friji muda wote. Fungua taratibu ikiwa baridi."

Mtengenezaji. Jina, mahali na simu inayopokelewa.

Na maneno haya yaondoe: "inatibu presha", "inasafisha mirija", "inaongeza nguvu za kiume". Wewe unauza kinywaji. Ukiandika kwamba kinatibu, umejitangaza kuwa muuza dawa, na kuna mgonjwa ataacha vidonge vyake kwa sababu ya sentensi yako. "Asilia 100%" nayo iache, haina kipimo. Sema tu "Tangawizi mbichi, ndimu mbichi" kama ndivyo ilivyo.

8. MUONEKANO WA LEBO

Kuchora ni rahisi, hata Canva ya bure kwenye simu inatosha. Shida inaanza kwenye chupa, kwa sababu chupa ni mviringo na inakaa kwenye maji na barafu.

Pima kwanza. Zungushia chupa kipande cha karatasi, weka alama, pima kwa rula. Chupa yenye kipenyo cha sentimita 6 ina mzunguko wa karibu sentimita 19, lakini kinachosomeka vizuri ukiitazama kwa mbele ni kama sentimita 6 tu. Kwa hiyo jina la biashara, jina la bidhaa na neno "Kina kilevi" au "Hakijachachushwa" vikae ndani ya hizo sentimita 6. Mengine yaende nyuma. Usifiche neno kilevi kwenye mshono wa lebo.

Chapisha jaribio. Kabla ya kupeleka kwa mchapaji, chapa lebo moja kwenye karatasi ya kawaida kwa saizi yake halisi, izungushie chupa kwa selotepu, mpe mtu mwenye miaka 60 asome bila miwani. Akishindwa, ongeza herufi. Herufi nyembamba za dhahabu kwenye rangi nyeusi zinapendeza kwenye simu, kwenye chupa iliyolowa hazionekani.

Rangi. Kwenye simu rangi zinang'aa kwa mwanga, kwenye karatasi ni wino. Kijani kile cha kuwaka kitatoka kimefifia. Omba kipande cha jaribio kwenye stika ile ile utakayotumia.

Ukingo. Acha milimita 3 za rangi nje ya mstari wa kukatia, na maandishi yakae milimita 3 ndani. Mkasi ukiyumba, hutapoteza namba ya simu.

Stika. Karatasi ya kawaida inalowa kwenye barafu na wino wa printa za nyumbani unachuja. Kwa chupa zinazokaa baridi omba stika ya plastiki. Bandika kabla ya chupa kuingia friji, ikiwa kavu kabisa. Ukibandika chupa inayotoka jasho, kesho lebo iko sakafuni. Kama chupa unakusanya na kuzitumia tena kwa kuonja nyumbani, kuna ujanja wa watengeneza bia wa nyumbani: lebo ya karatasi ya kawaida inashika kwa kupakwa maziwa nyuma yake, na inatoka kwa maji bila kuacha gundi. Ila ni kwa chupa zisizoingia kwenye barafu.

Rangi mbili. Kama unatengeneza njia zote mbili, zitofautishe kwa rangi ya lebo na rangi ya kizibo. Mfano nyekundu kwa iliyochachushwa, kijani kwa isiyochachushwa. Saa 4 usiku, oda 30, umechoka, rangi ndiyo itakayokuokoa.

Usichape lebo nyingi mwanzoni. Chapa 100. Acha nafasi tupu ya bechi, tarehe na kilevi, ujaze kwa kalamu isiyofutika au mhuri mdogo. Ukichapa 2,000 zenye tarehe na asilimia, utajikuta unabandika lebo kwa sababu zipo, badala ya kwa sababu ni za kweli.

9. KUSAFIRISHA NA KUPOSTI

Bidhaa iliyochachushwa ni hai. Ikitoka friji kwako ikapanda bodaboda saa 7 mchana bila barafu, inaendelea kuchacha njiani. Tumia deli lenye barafu, peleka asubuhi au jioni, na mwambie mteja kwa ujumbe: "Ikifika weka friji, usiitikise." Kwenye basi la mkoani usiitume. Oda za mikoani wape sharubati isiyochachushwa. Utapoteza oda chache, lakini hutapigiwa simu kwamba chupa imepasuka kwenye buti juu ya mizigo ya watu.

Kwenye posti, maneno yafanane na lebo. Nimeona lebo inasema "kilichochachushwa" na posti ya muuzaji huyo huyo inasema "safi kwa watoto". Mteja atapiga picha vyote viwili. Na ukivuka kwenda kwenye bia ya tangawizi kamili, jua kwamba kanuni za Meta haziruhusu watu binafsi kuuziana pombe kwenye Facebook na Instagram. Ukurasa uliojenga miaka mitatu unaweza kufungwa kwa siku moja.

10. KARATASI ZA SERIKALI

Kwa Tanzania, anzia ofisi ya SIDO ya mkoa wako. Wana utaratibu wa kumtambulisha mjasiriamali mdogo kwa TBS. Nenda na daftari lako, mapishi yako na lebo ya jaribio. Ukiona kiolezo cha lebo mtandaoni chenye nembo ya TFDA, hicho ni cha zamani: mwaka 2019 usimamizi wa chakula ulihamia TBS, na TFDA ikabadilika kuwa TMDA ya dawa na vifaa tiba. Nembo ya TBS usiichape mpaka upewe. Kuichora mwenyewe ni kugushi, na hakuna mteja anayestahili kudanganywa hivyo.

TRA nao waulize mapema kuhusu ushuru na stempu za kielektroniki. Zilianza 2019 kwa bia, mvinyo na pombe kali, kisha zikafika kwenye vinywaji baridi. Na kama kinywaji chako ni kileo, kuna leseni ya vileo juu yake. Waambie ukweli wa kilevi ulichopima, ili wakuelekeze kwenye dirisha sahihi tangu mwanzo.

KAZI YA NYUMBANI

Chukua lebo unayoitumia sasa hivi. Iweke katikati ya karatasi, na kwa kila neno chora mshale utoke nje, uandike: "Najuaje?" Ujazo: nilipima chupa 10. Siku 10: nilifungua chupa 6 kwa bechi tatu. Kilevi: 1.034 kutoa 1.028, karibu asilimia 0.8. Neno ambalo mshale wake hauna jibu, lifute kwenye lebo leo, au anza kulipima kesho asubuhi.

Ukimaliza, andika kwenye komenti ni neno gani umelifuta. Na kama unamjua muuzaji mwenzako ambaye chupa zake zinapasuka, mtumie somo hili kabla hajatuma oda ya kesho.